Felisita Aogopa Kisu

Msimu wa kuvuna pamba, Felisita huwa kama yuko nchi nyingine. Shamba lao la Ipililo huwa jeupe hadi jicho linapoishia. Siku hiyo vidole vilichuma vyenyewe, mawazo yakaenda mbali, mahali ambapo mikono yake ni laini na hakuna anayeikodolea macho.

Maumivu yakamrudisha. Uvimbe wa kitovuni ulikuwa umetokeza tena, chini ya khanga aliyojifunga kubebea pamba. Alilala chali kati ya mistari mpaka ukarudi ndani.

"Daktari alishasema ni ngiri, upasuliwe," alisema Ngassa, mumewe. "Unangoja nini?"

"Sipasuliwi! Unataka mwili mzima uwe hivi?"

Akapandisha mkono wa gauni. Kwa miaka mingi viwiko vyake vilikuwa na mabaka ya magamba meupe. Mwaka uliopita mganga alimchanja chale ili ugonjwa utoke. Thubutu! Kila wembe ulipopita, magamba mapya yaliota, yamejipanga kama matuta. Tangu hapo, akisikia kisu, moyo unamwenda mbio. Ngiri nayo ilimtisha. Maskini, hakujua ashike lipi.

Jioni akaja jirani yao Lukresia, muuguzi.

"Mwadila, mayu," alimsalimu mama huyo kwa Kisukuma.

"Mwadila, mwanangu. Hebu tazama huku."

Lukresia aliushika mkono, akautazama bila kinyaa.

"Hujakosea kuogopa, mayu. Hii ni soriasisi, ugonjwa wa ngozi. Haiambukizi. Lakini ngozi ya namna hii ikikatwa, mabaka yanaweza kuota palepale."

"Umesikia?" Felisita alimgeukia mumewe kwa ushindi.

"Subiri kwanza," alisema Lukresia. " Chale zinakuumiza bure. Ngiri ikinasa, utumbo unaweza kuoza, na hiyo inaua. Uvimbe ukiwa mgumu, ukauma na usirudi, au wewe ukianza kutapika, kimbia hospitali saa hiyohiyo."

"Sasa nifanyeje?"

"Mwonyeshe daktari wa upasuaji ngozi yako. Mtajie dawa zote unazotumia, hata mitishamba. Watakutuliza ngozi kwanza, kisha daktari atatafuta mahali pasipo na mabaka pa kukata. Na dawa usiache kwa uamuzi wako."

"Mabaka hayataota?"

"Yanaweza, ila si lazima. Yakiota, yana dawa ya kupaka. Ngiri haina dawa ya kupaka, mayu."

Kule hospitali Felisita aliona aibu kuvua gauni mbele ya daktari, lakini alivua. Alipewa dawa, magamba yakapungua, ndipo akapasuliwa. Usingizi ule wa dawa, alisimulia, ulikuwa mtamu, kama kuelea juu ya mpunga wakati wa upepo.

Kidonda kilipona vizuri. Baadaye baka dogo liliota pembeni mwa kovu. Ngassa akanywea.

"Mbona umenuna wewe?" Felisita alimtania. "Si tuliambiwa? Kesho twende kliniki."

Alipaka dawa aliyopewa, baka likafifia polepole. Mchana mmoja alijilaza kivulini mwa nyumba. Ngassa akamsikia akicheka usingizini, tumbo likipanda na kushuka bila maumivu. Hakumwamsha.