Kilichotafuna Mabua

Haya hayakunikuta mimi. Yalimkuta rafiki yangu. Yeye na shemeji yake hulisha kuvu mabua ya mahindi, wapate vimeng'enya vya kuwauzia watengeneza sabuni.

Alasiri moja umeme ulikatika akiwa peke yake kwenye chumba chenye mifuko ya mabua hayo. Gizani akasikia kitu kikitafuna taratibu, kama mtu asiye na haraka.

"Shemeji, njoo! Panya wametuingilia!"

Shemeji akaja na tochi. Wakafuata sauti hadi kwenye mfuko mmoja waliokuwa wameufunga wenyewe. Ikanyamaza. Wakaupapasa kote.

"Panya gani? Hauna hata tundu," shemeji akanong'ona.

Rafiki yangu akaukata. Panya hakuwamo. Mabua yalikuwa na alama za meno madogo sana, kama ya mtoto anayeanza kuota meno.