Koti Lisilo na Mwenyewe

Alama ile ilirudi palepale, kama mgeni anayejua njia ya chumbani.

Dobi aliitazama kwenye kioo: madoa manne ya zambarau, yamepangana shingoni kama ncha za vidole. Yaliwasha, yakaungua, yatafifia na kuacha weusi. Ndivyo yalivyofanya hata mara zilizopita.

"Nani kakushika?" mumewe aliuliza, sauti chini.

"Hakuna aliyenishika."

"Shingo haijikabi yenyewe, mke wangu. Ikirudi tena alama hii, funga virago urudi kwenu."

Mama mkwe alikohoa tu, kikohozi cha mtu aliyemeza neno.

Muuza dawa wa mtaani ndiye aliyefumbua fumbo. "Kabla haijatokea, huwa unameza nini?"

"Vidonge vya kichwa. Joto la pasi linanipasua."

"Adui yako ndiye huyo. Kuna ngozi hazipatani na dawa fulani. Kila ukiimeza, inaungua palepale pa mwanzo. Ngozi haisahau, dada. Achana navyo kabisa. Ulivinunua wapi?"

Dobi aliona haya. Alivikuta mfukoni mwa koti jeusi, koti ambalo mwenyewe hakurudi kulichukua. Dobi gani hajawahi kuokota cha mfukoni?

"Kwa hiyo umekula dawa ya mtu usiyemjua," muuza dawa akacheka. "Usije ukamkuta anaidai!"

Siku hiyohiyo alivitumbukiza vyote chooni. Shingo ikatakata. Mumewe akaanza tena kumtania, hata akamwita bibi harusi.

Kisha, mchana mmoja, akisinzia juu ya shuka ambazo hazijapigwa pasi, alisikia: tak. Mlio wa kidonge kinachotolewa kwenye karatasi yake. Aliamka na uchungu ulimini, na shingo inaanza kuwasha.

Mama mkwe! Nani mwingine anataka aondoke? Akakimbilia uani, mkwewe alikuwa anachambua mchele, mikono imejaa pumba.

"Mama, umeingia kule ndani?"

"Nifuate nini, mwanangu? Nimekusikia unaongea na mtu, nikaona haya kuingia."

Dobi alirudi, akafunga mlango kwa komeo, akafunga na dirisha, akakaa na mgongo ukutani, mkono mdomoni ili kisiingie kitu, na ndipo harufu ikamfikia, harufu ya nywele zilizoungua, ikitoka pale msumarini lilipotundikwa lile koti, na mikono ya koti iliyokuwa bapa tangu alipoinyoosha kwa pasi ilikuwa inajaa polepole, kuanzia begani, kiwiko, mpaka kwenye kifundo cha mkono, na ndani ya mfuko kitu kikalia tena, tak, na vidole vya baridi vikavibandua vidole vyake mdomoni, kimoja kimoja, kwa upole, kama mama anayemnywesha mtoto dawa.

"Fungua!" Mumewe alikuwa anagonga.

Alivuta komeo. Mume aliingia. Aliinua ukosi wa mkewe, akayaona madoa manne, mabichi. Akatazama dirisha lililofungwa, kisha msumari. Akaingiza mkono ndani ya koti, akapapasa.

"Bado lina joto," alisema. "Mwenyewe kajificha wapi?"