Dada Sindano, Ipi Haiumizi?

"Simu yako inalia tena," alisema Mama Mapacha, mteja wangu, kichwa nusu kimesukwa.

"Nisomee basi, huoni mikono imejaa mafuta?"

Lilikuwa kundi la kujifunza Kiingereza. Humo namba hazionekani, ni majina ya utani tu; mimi ni Sindano. Nilijiunga kimyakimya ili mchumba wangu, fundi umeme aliyekwenda kufanya kazi ng'ambo, siku akinipokea huko abaki mdomo wazi. Yeye ndiye aliyeanza: "Mpenzi, tuandikiane Kiingereza tu, usije huku ukawa bubu."

"Kuna mtu anajiita Mgeni," Mama Mapacha akasoma. "'Wakuu, nataka kumuacha mchumba wangu. Niseme It's over, au I have to let you go? Ipi haiumizi?'"

Tulicheka mpaka kitana kikaanguka.

"Hebu mjibu. Ya kwanza ni kumfungia mtu mlango usoni. Ya pili ina huruma kidogo, kama vile na wewe roho inakuuma."

"Anasema, 'Asante, dada Sindano. Amenisubiri sana, sitaki alie.'"

"Maskini! Amalizie na Forgive me, siyo Sorry. Sorry hata ukimkanyaga mtu mguu unasema."

Nikaendelea kusuka, nikijiona mwalimu kweli. Simu ikalia.

"Huyu sasa shemeji!" Mama Mapacha akatabasamu. "'I have to let you go. Forgive me.'"

Akanigeukia taratibu.

"Mdogo wangu... si ndiyo maneno yako haya?"

Nililia, jamani, nililia kama mtoto. Hata mwenye nyumba nilishamuaga kwamba nahama, namfuata mume.

"Mpigie umtukane!"

"Nimtukane nini, dada? Maneno yote nimempa mimi."

Nikamwandikia mchumba wangu neno moja tu: "Okay."

Haikuchukua muda, kundi likalia.

"Dada Sindano, amejibu Okay tu. Ni sawa na I understand? Amenielewa, au ameumia?"

Nilitaka kumwandikia jina langu halisi, azimie hukohuko. Vidole vikagoma.

"Ni sawa tu, kaka. Amekuelewa."

"Afadhali! Una moyo mzuri, dada. Atakayekuoa ana bahati."

Mama Mapacha aliinamisha kichwa. Nikamalizia upande uliobaki.