Mkono wa Kulia wa Tunu

Onyesheni mikono yenu. Miwili? Vizuri. Basi tulieni, niwaambie habari za Tunu.

Tunu na mama yake walihamia Mwanza. Nyumba yao mpya ilikuwa juu, kwenye mawe makubwa.

Mama alikuwa fundi cherehani. Likizo nzima alishona sare za shule. Tarrr, tarrr, tarrr!

"Mama, tucheze," Tunu alisema.

"Baadaye, mwanangu. Nimalize shati hili."

Shati likaisha. Likaja jingine. Mashati hayo, jamani, yalikuwa hayaishi!

Nje watoto walicheza. Tunu aliwasikia wakicheka. Hakumjua hata mmoja.

Tunu alikuwa mpweke. Alikaa chini ya dirisha, akavihesabu vitambaa vya mama. Halafu akavihesabu tena.

Siku moja ukaja mzigo kutoka Tanga. Ndani yake mlikuwa na kichupa cha rangi ya kucha.

Rangi hiyo haikutoka dukani. Mama mdogo Saumu aliitengeneza mwenyewe, nyumbani kwake Tanga. Aliikoroga polepole. Koro, koro, koro.

Tunu akafungua kichupa. Akashika brashi kwa mkono wa kulia. Akapaka kucha za mkono wa kushoto. Pole, pole, pole.

Lo! Rangi ilikuwa ya kijivu tu. Ilifanana na sufuria kuukuu.

Tunu alichukua simu ya mama, akampigia mama mdogo.

"Shikamoo, mama mdogo. Rangi yako imeharibika."

Mama mdogo Saumu alicheka. "Haijaharibika, mwanangu. Itoe juani uone!"

Tunu akatoa mkono dirishani. Jua likazipiga kucha zake.

Meta! Meta! Nyekundu. Kijani. Zambarau. Upinde wa mvua ulikuwa kwenye kucha za Tunu!

Akigeuza kidole huku, rangi zinakimbia huku. Akigeuza kule, zinakimbia kule.

"Mama, ona!"

"Nzuri sana," alisema mama. Lakini macho yake yalikuwa kwenye sindano. Tarrr, tarrr, tarrr!

Sasa Tunu alitaka kupaka mkono wa kulia. Akashika brashi kwa mkono wa kushoto.

Mkono ukatetemeka. Tete, tete, tete. Rangi ikaenda kidoleni. Ikaenda mezani. Nusura iende puani! Tunu akaifuta yote.

"Mama, nipake wewe."

"Baadaye, mwanangu. Nimalize shati hili."

Mkono wa kushoto unang'aa.
Mkono wa kulia unangoja.

Tunu aliutazama mkono wake wa kulia. Akaona huruma. "Ningekuwa na rafiki," aliwaza, "angenipaka."

Akasimama. Akavaa kandambili. Akatoka nje.

Bibi jirani alikuwa kivulini, anachambua maharage. Watoto walikuwa karibu naye. Mjukuu wake, Kabula, alikuwa juu ya jiwe, anaongea bila kupumua.

Moyo wa Tunu ulidunda. Du, du, du. Alitaka wote waone kucha zake. Akamwendea bibi.

"Shikamoo, bibi." Akanyoosha mkono.

Mkono gani? Ule unaong'aa. Wa kushoto!

"Marahaba," alisema bibi. "Hee! Unanisalimia kwa mkono wa kushoto, mjukuu wangu?"

Watoto wakacheka. Ha ha ha! Hi hi hi!

Masikini Tunu! Alijua vizuri kwamba watu husalimiana kwa mkono wa kulia. Alisahau kwa sababu ya furaha tu.

Akakimbia nyumbani. Akajificha nyuma ya pazia. Akalia.

Mkono wa kushoto unang'aa.
Mkono wa kulia unangoja.

Mara, "Hodi! Hodi!"

"Karibu," alisema mama.

Aliingia Kabula. Akaiona miguu ya Tunu chini ya pazia. Akafunua.

"Wewe! Kwa nini hukumpa bibi mkono wa kulia?"

"Haujapakwa," alisema Tunu. "Nilitaka muone rangi."

"Rangi gani? Mbona sioni?"

Tunu akatoa kidole kimoja dirishani. Meta! Meta!

Kabula akafungua mdomo. Hakusema neno. Kwa Kabula, hilo lilikuwa jambo kubwa sana.

"Na mkono wa kulia je?" akauliza mwishowe.

Tunu akainamisha kichwa. "Sina mtu wa kunipaka."

"Si mimi hapa? Lete!"

Kabula hakuwahi kushika brashi ya kucha. Alitoa ulimi nje, akapaka. Rangi ikapita kucha. Ikafika kwenye ngozi. Tunu alitulia tuli.

"Nimekosea?" aliuliza Kabula.

"Endelea," alisema Tunu.

Kabula akamaliza. Kisha Tunu akampaka Kabula, mikono yote miwili. Wakapuliza. Fuu, fuu, fuu.

Wakatoka mbio hadi kwa bibi. Tunu akanyoosha mkono. Safari hii, wa kulia!

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Marahaba!" Bibi akaushika mkono, akaugeuza juani. "Hee! Kitu gani hiki kinachong'aa?"

Watoto wote wakaja kutazama. Kabula akawaeleza. Akaeleza, akaeleza, mpaka maharage yakawekwa jikoni.

Mkono wa kushoto unang'aa.
Mkono wa kulia unang'aa.

Usiku ulipoingia, cherehani ilinyamaza. Mama akaja kitandani na kichupa.

"Haya, mwanangu. Samahani, nimechelewa. Lete mkono wa kulia."

"Umeshapakwa," alisema Tunu.

Mama akautazama. "Mh! Rangi imejaa mpaka kwenye ngozi! Ngoja niifute, nikupake vizuri."

Tunu akaficha mkono chini ya shuka. "Usifute, mama!"

"Kwa nini?"

"Amenipaka rafiki yangu."

Mama akakifunga kichupa. Tangu wahamie Mwanza, alikuwa hajalisikia neno hilo kinywani mwa Tunu.

Akautoa mkono ule polepole. Akaubusu, na rangi zake zote. Kisha akazima taa.