Robo Ratili ya Sukari Guru

Machano alipomwona Mashavu kwa mara ya kwanza, mkono wake mwenyewe ulikuwa umezama ndani ya sinia la kashata.

Hakukusudia. Sokoni Mlandege, mjini Unguja, Jumamosi asubuhi, mtu hana hiari na miguu yake. Hamali anasukuma gari lake huku akipiga kelele apishwe, wanawake wa shamba na vikapu vya ndimu hawataki kupisha, na anayepita katikati huishia popote atakaposukumiwa. Machano alisukumiwa kwenye baraza ya Bi Hija, muuza kashata na sukari. Alikuwa na kanzu iliyopigwa pasi asubuhi ile, kofia ya kiua, na viatu vilivyomzidi kidogo alivyopewa na mzungu aliyemwajiri, na viatu hivyo ndivyo vilivyomwangusha.

"Unachagua, au unazikoroga zote?" aliuliza msichana aliyekaa nyuma ya mizani. Alijifunga kanga nyekundu, kipini kinang'aa puani, na kikuba cha asumini kimebanwa kifuani.

"Samahani, bibie. Nnatafuta sukari."

"Basi toa mkono. Sukari iko huku. Kiasi gani?"

"Robo ratili."

"Nyeupe au guru?"

Hapo Machano akababaika, na msomaji asimcheke kabla hajajua kilichomfikisha pale. Alikuwa mpishi wa mzungu mmoja wa Vuga, na mzungu yule alikuwa akijitengenezea bia nyeusi kwenye stoo ya nyuma. Bia ikishachacha ndani ya pipa hulala kimya, haina povu. Ili iamke, hutiwa sukari kidogo kabla ya kuzibwa kwenye chupa. Ile sukari huchacha humo humo ndani na kugeuka upepo. Ikipungua, bia inabaki imelala. Ikizidi, chupa zinapasuka. Kwa chupa arubaini kipimo kilikuwa robo ratili. Lakini sukari gani, mzungu mwenyewe hakujua. Alitaka kuzijaribu zote, moja moja, na kuandika kwenye daftari lake.

Machano alikuwa mtoto wa Mkokotoni, anaswali tangu ana miaka saba, na bia hajaionja maishani. Aliajiriwa kupika samaki. Hii ya chupa aliongezewa tu mwezi wake wa tatu kazini, na hakujua namna ya kukataa.

"Ya kutia kwenye soda," alijibu. "Mzungu wangu anatengeneza soda za chupa."

"Soda nyeusi au nyeupe?"

"Nyeusi."

Mashavu, mpwa wa Bi Hija, alizijua sukari kuliko alivyojua majina ya jirani zake. "Nyeupe itakupa povu upesi, lakini haina ladha yake yenyewe. Guru ina moshi kidogo, itakaa vizuri na kitu cheusi. Anza na nyeupe, uone, kisha urudi."

Alirudi. Alirudi baada ya wiki mbili kwa sukari ya mawe, na katikati alirudi kuuliza jambo ambalo lingeweza kungoja. Na siku ambazo hakuja, alipiga simu. Mkadam, fundi wa saa wa duka la jirani, alikuwa na simu, na mzungu akishakwenda kazini Machano aliitumia ya nyumbani kwake.

"Mashavu," Mkadam aliita dirishani, "yule wa sukari."

"Naam," alisema Mashavu kwenye simu, pumzi juu.

"Umekula, roho yangu?"

"Nshakula. Chupa zako zinasemaje?"

"Za sukari nyeupe zinapumua tu. Povu linaondoka hata sijageuka."

"Na utamu wake?"

Machano akaulizia hali ya Bi Hija.

"Machano, nimekuuliza utamu wake."

"Wanasema nzuri."

"Wanasema nani? Wewe huna ulimi?"

"Ulimi wangu nimekuachia wewe."

"Taratibu, Mkadam anasikia."

"Nasikia," alisema Mkadam bila kuinua macho kwenye saa yake.

"Niletee chupa moja basi, nionje mwenyewe."

"N'takuletea."

Hakuleta. Alileta machungwa, alileta papai, mara moja alileta samaki aliyemkaanga vizuri sana, lakini chupa hakuleta. Mashavu alianza kuchanganyikiwa. Mtu anachagua sukari kwa uangalifu kama anayechagua kitambaa cha harusi, halafu haonji, na ahadi ya chupa moja tu inamshinda. Kuna mwanamke anayezinywa, aliwaza. Kisha Machano akija na viatu vyake vikubwa akacheka, Mashavu anasahau alichokuwa akikiwaza.

Sasa, Mlandege mtu unayempenda humpimii kama wengine. Mizani ikishatulia, muuzaji humtilia nyongeza. Mashavu alianza na kidogo cha ncha ya vidole. Kwenye sukari ya mawe alitia vipande viwili. Siku ya guru, Machano alikuwa anatazama kipini badala ya mizani, na Mashavu akaongeza donge zima, akafunga bahasha ya gazeti haraka. Bi Hija aliona. Akageuka akaendelea kukuna nazi.

Machano hakupima tena. Apime nini, na sukari imepimwa mbele ya macho yake? Aliichemsha yote na maji kidogo, akaimimina, akaziba chupa arubaini.

Zilipasuka Jumapili ya pili, wageni wa mzungu wakiwa mezani. Moja, kisha nyingine, kisha saba kwa pamoja, hata mama mmoja wa Kizungu akaingia chini ya meza. Povu jeusi lilipita chini ya mlango wa stoo likafika kwenye busati. Mzungu hakupiga kelele, na Machano angependa apige. Alisema tu kwamba alimwamini kwa jambo dogo kama robo ratili, na likitokea tena atafute kazi pengine.

Asubuhi yake akapiga simu.

"Mashavu, ile guru ulinipimia ngapi?"

"Robo ratili."

"Una hakika?"

"Unauliza nini, Machano?"

"Nnauliza tu mizani yenu iko sawa."

Binti wa duka anaweza kusamehe mengi, lakini si hilo. "Unaniambia nimekupunja?"

"Sikusema kupunja."

"Mtu akiulizia mizani anasema nini jengine?"

Machano alifungua mdomo. Kusema sukari ilizidi ni kueleza habari ya chupa, na kueleza habari ya chupa ni kueleza kilichokuwamo ndani. Akaufunga.

"Basi nyamaza hivyo hivyo," alisema Mashavu, akaweka simu.

Alilia jikoni, moshi wa kuni ukimsaidia. Alimpa zaidi ya haki yake, naye anamwita mwizi. Na kule Vuga Machano alisimama na mkono wa simu sikioni, haelewi imekuwaje kilichozidi kikasikika kuwa kimepungua.

Alipiga tena kesho yake.

"Hayupo," alisema Mkadam. "Ameniambia nikwambie hayupo."

"Yuko hapo?"

"Yuko hapa. Ndiye anayeniambia."

Siku ya nane alikwenda kwa miguu, jua la saa saba kichwani. Akamwamkia Bi Hija shikamoo, naye akaitika marahaba, akaingia ndani, ila hakwenda mbali.

"Kama sukari, imekwisha," alisema Mashavu. Magunia matatu yalikuwa nyuma yake.

"Sikuja kununua. Hukunipunja, Mashavu. Ilizidi."

Mashavu aliinamisha uso. "Nlikutilia nyongeza. Kila ulipokuja. Mara ya mwisho nlitia donge zima."

"Kwa nini?"

"Mwanamume mzima unaniuliza kwa nini."

Moyo wa Machano ulijaa mpaka ukamuuma. Angeishia hapo, pangekuwa na amani, na hakuna ambaye angejua. Lakini alimpenda, na alichoka kumjibu uongo kila alipoulizwa utamu.

"Si soda," alisema. "Ni bia. Mzungu anatengeneza bia, na mimi ndiye ninayetia sukari na kuziba."

Mashavu aliweka chini jiwe la mizani. "Sukari hii?"

"Hiyo."

"Nliyokuchagulia mimi. Nikakwambia ipi inakaa vizuri na kitu cheusi."

"Ndiyo."

"Umeinywa?"

"Hata povu sijalilamba. Nlikuwa nikitazama na kusikiliza, basi."

"Mie nlidhani una mwanamke mwengine anayeletewa chupa zangu," alisema Mashavu. "Ningejua la kufanya. Hili sijui nilifanye nini. Umenitia mkono kwenye jambo nisilolijua, na kila siku unaniita roho yako."

"Nisamehe."

"Nenda, Machano."

"Nirudi?"

"Sijui."

"Sijui ya ndiyo, au ya hapana?"

"Sijui," alisema Mashavu, na ilikuwa kweli.

Kesho yake Machano aliacha kazi. Mzungu alishangaa sana, kwani alikwishamsamehe, na zile chupa za guru zilizosalimika zilikuwa bora kuliko zote. Machano alipata kazi kwa mwokaji mmoja wa Malindi, akawa anakanda mikate ya ufuta tangu alfajiri. Mkadam aliipeleka habari hiyo kwa Mashavu bila kuombwa. Mashavu alisema haimhusu, kisha akauliza mwokaji yupi. Alikuwa na hasira na alikuwa na hamu, na kila moja ilipotaka kutoka iliikuta nyingine mlangoni.

Baada ya mwezi, Machano alimchukua ami yake, Mzee Silima wa Mkokotoni, wakapeleka posa. Hakuwa amepata neno lolote kwa Mashavu. Na mposaji hakai kwenye posa yake mwenyewe, lakini Machano alikaa, kwa sababu kulikuwa na neno ambalo hakutaka lisemwe na mtu mwengine.

Baba wa Mashavu, aliyeko Tumbatu, alikuwa ameshapelekewa habari na kutuma jibu: akiridhika dada yake Bi Hija na mtoto mwenyewe, yeye ameridhika. Kahawa ikanyweka. Mashavu alikuwa nyuma ya pazia.

"Kazi ya Vuga uliiachia nini?" aliuliza Bi Hija.

"Alichoka na wazungu," alisema Mzee Silima upesi.

"Siyo, ami," alisema Machano. "Nlikuwa nikitia bia kwenye chupa, Bi Hija. Na sukari yake nliinunua hapa, nikadanganya kuwa ni ya soda."

Mzee Silima alikitazama kikombe chake. Bi Hija aligeukia pazia.

"Mashavu, ulijua?"

"Nlijua," ilisikika nyuma ya pazia. "Alikuja mwenyewe kunambia."

"Basi anakuposa. Umesikia?"

Kukawa kimya. Kila mtu anajua kimya cha mwari kina maana gani. Mzee Silima alitabasamu, akainua mikono kusoma fatiha.

"Ngoja, ami," alisema Machano.

"Unaharibu, mwanangu. Kaa."

"Siwezi. Hata alipokasirika alinyamaza. Kimya hiki sikielewi."

Pazia likasogezwa. Mashavu alitoka, uso wazi, kanga imekazwa kichwani, na mwari kutokea mbele ya wanaomposa ni jambo ambalo nyumba ile ilikuwa haijawahi kuliona. Hakumtazama shangazi yake wala Mzee Silima.

"Nnamtaka," alisema. "Nnasema kwa kinywa changu, mbele yenu. Bado nna hasira naye, na nnamtaka."

Bi Hija alijifunika uso kwa upindo wa kanga, na haikujulikana kama anacheka au analia. Mzee Silima, ambaye mikono yake ilikuwa bado juu, aliwatazama wote mmoja mmoja, kisha akaanza kusoma.