Kisima Nyuma ya Kituo cha Mafuta

Foleni ya magari katika kituo cha mafuta cha mtaa wa Hewa Bora ilikuwa imefika barabarani. Madereva wa teksi walipigiana honi na kutukanana, na katikati yao alisimama Delphine, amevaa sketi ya bluu na buti za mpira, begani ana begi lenye chupa sita tupu za kuchukulia maji ya kupima. Teksi moja ikarudi nyuma bila kutazama. Mkono ukamvuta kando kwa nguvu.

"Mademoiselle, unatafuta kufa ao unatafuta essence?"

Aliyemvuta alikuwa kijana mrefu, shati lake jeupe limepigwa pasi kama la bwana harusi.

"Ninatafuta gérant, mukubwa wa hapa. Natoka ku bureau ya environnement, nakuya kuangalia kama station yenu inaweza haribia bantu udongo na mayi."

"Gérant njo miye, Chisanga. Basi miye njo nimekufa."

Delphine akacheka, na kicheko chake mwenyewe kikamshangaza. Tangu atoke kwao Kongolo ilikuwa miezi minane, na hakuwa amecheka na mtu. Alipanga chumba chenye kiti kimoja katika mtaa wa Naviundu. Kila jioni aliwasha redio ili asikie sauti ya binadamu.

Wakajaza fomu ya ukaguzi pamoja: umri wa tangi lililo chini ya ardhi, mtaro wa maji ya mvua, ndoo za mchanga za kuzimia moto. Kikabaki kisima cha jirani, nyuma ya ukuta, katika ua ule ule ambamo Chisanga alipanga chumba. Kifuniko kilikuwa na kufuli, mwenye ufunguo, Mama Kapya, alikuwa kwenye misa, na mvua ilikuwa imeanza.

"Ile mayi iko bien," Chisanga alisema. "Ninaogaka nayo kila asubui. Haina arufu ya essence hata kidogo."

Alikuwa amemshikia mwavuli, yeye mwenyewe analowa. Delphine akaandika: kisima kimekaguliwa, hakina harufu. Ndiyo, aliandika hivyo, pamoja na diploma yake yote. Mtu aliyekaa miezi minane bila kushikiwa mwavuli, msimhukumu haraka.

Tangu siku hiyo simu ililia kila jioni.

"Chérie, umekula?"

"Bukari na sombe."

"Peke yako?"

"Na radio."

"Ambia radio itoke, miye nakuya."

Jumapili walitembea pamoja, na Chisanga aliinama shingoni mwake akanong'ona: "Perfume yako inanimaliza." Delphine akanunua chupa ya pili kabla ya ile ya kwanza kwisha.

Wiki ya sita, Mama Kapya aliingia ofisini na kidumu cha maji. Mjukuu wake alikuwa ametoka vipele mwili mzima. Delphine akafungua kidumu, harufu ya petroli ikampanda puani hadi machozi yakamtoka.

"Tangu lini, mama?"

"Zamani, mbele hata weye ukuye kupima. Nikasema, bale ba bureau bameona, batafanya kitu."

Delphine alitoka hadi koridoni, akapiga simu.

"Chisanga, uliniambia mayi haina arufu."

"Haina."

"Inanuka essence! Ulinidanganya ju ya kulinda kazi yako."

"Delphine, miye sikusikia kitu..."

"Kila muntu anasikia! Usinipigie tena."

Aliandika ripoti mpya, na ndani yake akaandika kosa lake pia: kisima sikukifungua, nilichukua neno la gérant. Mkuu wake akamtoa kwenye kazi za nje, akampa meza pembeni ya makabati. Kituo kikafungwa, tangi likafukuliwa, likakutwa na tundu la kuingia kidole gumba. Chisanga akahama. Simu ikanyamaza. Delphine aliumia, tusifichane. Alimkosa Chisanga na akamchukia, na kuna jioni alikula akiwa amesimama.

Miezi mitatu ikapita. Jumamosi moja, bila kutumwa na mtu, alikwenda kumsalimu Mama Kapya, ambaye sasa aliteka maji mtaa wa tatu.

"Na Chisanga, iko wapi?" aliuliza, kama mtu asiyejali.

"Kipushi. Maskini, miye njo nilikuwa nalinda chakula yake. Maragi inaungua, moshi yote, ye iko anakaa kando tu! Nabisha mulango: Chisanga, chakula inaungua! Hasikiake arufu, yule. Myaka kumi pale ku pompe, mapua ilikufa. Hakukuambia?"

Delphine akakaa chini palepale uani, sketi na yote. Akapiga namba ambayo hakuwa ameifuta.

"Allô?"

"Perfume yangu. Ulikuwa unasikia arufu yake?"

Upande wa pili jogoo aliwika.

"Hapana. Nilikuwa naona tu fasi umepakaa, shingo inang'aa."

"Ju ya nini hukuniambia?"

"Gérant hasikiake essence, nani atamuacha ku kazi? Nilikuwa na haya. Lakini ile mayi nilizania iko bien kweli, Delphine. Nilikuwa nakunywa."

"Na miye njo nilikuwa na mapua," Delphine alisema, na sasa alikuwa analia. "Kazi yangu ilikuwa kufungua ile puits ya Mama Kapya. Nilikuacha ukunywe."

Delphine akafuta machozi, akauliza: "Huko Kipushi unatumia mayi gani?"

"Puits iko mu parcelle ya nyumba. Nyuma kuna garage."

"Inanuka?"

"Sijue, chérie. Nitauliza nani? Niko peke yangu."

Delphine akasimama, akakung'uta vumbi.

"Usiinywe. Leo leo nakuya kuinusa miye mwenyewe."

"Unakuya ju ya mayi, ao ju yangu?"

"Kwanza mayi," alisema, tayari anatembea kuelekea teksi. "Mambo yako tutaangalia."