Filamu Aliyoitafsiri Godbless

Placida alikosea mlango. Jumamosi ile sinema ya Woolwich, London, ilifurika watu na mifuko yao ya sokoni, wakamsukuma mpaka ukumbi ambao si wake. Kukaa tu, kwenye skrini mbele yake mwanafunzi wa Kijapani, soksi moja nyekundu na nyingine ya njano, anainua bakuli la wali kwa nguvu za macho!

Miwani ameisahau kwake Edmonton. Maandishi ya Kiingereza chini ya picha yalikimbia kama sisimizi.

"Jamani, hii nini tena?" alinong'ona.

"Anasikia mawazo, dada," alijibu kaka wa kiti cha jirani. "Huyo samaki wa kwenye friji anamwambia, usinile, mwenzio nina mchumba."

Placida alicheka mpaka akanyamazishwa. Jirani aliitwa Godbless, mpakia mizigo uwanja wa ndege, mkazi wa Hounslow, amevaa koti la kijani, ananukia sabuni. Zamani huko Moshi alitafsiri filamu katika kibanda umiza, kile kiukumbi cha kuonyeshea video, cha mjomba wake, kipaza sauti mkononi. Akamtafsiria mpaka mwisho: msichana anayependwa na yule kijana anaghairi safari, anabaki.

Miezi minne ikawa simu juu ya simu.

"Umekula, malkia?"

"Nile nini, na wewe uko mbali?"

"Basi hamia kwangu."

Akamsomea kwa simu mkataba wa nyumba yake, na Placida akakubali. Notisi ya kuhama chumba chake ilitakiwa kumfikia mwenye nyumba Ijumaa, kabla ya saa kumi na moja jioni.

Ijumaa yenyewe, kwenye mapumziko huko anakotunza wazee, alimkuta mwenzake Ushma anatazama filamu ile ile kwenye simu. Safari hii Placida alikuwa na miwani, akasoma mwenyewe. Samaki hakuwa na mchumba. Na msichana alipanda treni, akaondoka bila kugeuka.

Alikaa, akasimama, akatoka nje kupiga simu.

"Ulinidanganya, Godbless! Yule msichana hakubaki! Na mkataba wa nyumba ulionisomea, nao ulitunga?"

Kwenye simu ikasikika ndege ikipita juu ya Godbless huko kazini.

"Kiingereza nakisema," Godbless alisema taratibu. "Kukisoma siwezi. Hata Moshi nilikuwa natazama nyuso, naotea. Mkataba alinisomea Allan wa kazini, nikaukariri. Huo ni kweli, neno kwa neno."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulivyocheka siku ile... niliogopa ukijua, hutacheka tena."

Placida alizunguka maegesho mara mbili. Saa kumi na dakika arobaini. Hasira ilikuwepo, ila ilitafuta pa kukaa na haikupapata.

"Haya, niambie bila filamu. Unataka nini?"

"Nikuoe. Na kama leo huniamini, usitume hiyo notisi. Nitakuja Edmonton kila wiki mpaka uamue."

Aliangalia simu. Akabonyeza.

"Nimetuma."

"Umetuma? Allan! Allan, anakuja!"

"Nyamaza, sijamaliza! Mimi ninasoma Kiingereza jioni, unajua. Huko Hounslow tutatafuta darasa, twende wote."

"Na utu uzima huu?"

"Darasani kwetu yupo bibi wa miaka sabini na moja. Anakaa mbele."

Godbless akacheka, kisha sauti ikashuka. "Na la kuoana, malkia? Hujanijibu."

"Hilo niandikie. Kwa Kiingereza, kwa mkono wako," alisema Placida, akijifuta macho. "Na usikawie."